Kumpokelea Mama Posa

Mwaka huo nilipata kazi ya kuwauliza watu mambo ya ndoa zao, kazi ambayo hapa Kamembe kwa kawaida majirani huifanya bure. Mtafiti mmoja wa saikolojia alitaka kujua wanaoishi wawili wawili ni watu gani: umri, dini, shule, watoto, wamekaa pamoja muda gani. Aliwagawa mafungu matatu, vijana, watu wa makamo na wazee, na kila mmoja alipaswa kuulizwa peke yake.

Vijana walikuja mbio, wengine na mchumba waliyempata wiki ileile. Wa makamo walikuja wakigombana. Wazee ndio walionitoa jasho. Wengi walikuwa wamefiwa, na waliobaki wawili hawakuona sababu ya kutenganishwa. Huko Nzahaha mzee mmoja alimjibia mkewe maswali yote kupitia dirishani, mpaka tulipofika kwenye umri wa huyo mke. Hapo akasema hayo ni mambo ya wanawake, akaenda kumfungua mbuzi.

Jioni moja nikamlalamikia mama kwamba fungu la wazee halijai. Mama yangu ni mjane, muuza vitenge sokoni, sauti yake hufika hadi stendi. Aliendelea kumenya ndizi, kisha akasema, "Basi utuandike siye. Mimi na ule Papa wa Bugarama."

Huyo mzee nilimjua. Alikuwa mkulima wa mpunga, amefiwa na mke, na kila mavuno alituuzia mchele. Magunia niliyabeba mimi mwenyewe, huku nikimsifu kwa bei yake nzuri! Nilikasirika, sifichi. Nikamuuliza mama watu watasema nini. Akajibu kwamba watu wameshasema, wamechoka, wamehamia kwa mwingine. Nilikuwa nimebaki mimi tu. Mzee asingeleta posa bila mimi, mtoto mkubwa, kukubali kuipokea.

Nikajifanya mtaalamu, nikamweleza kwamba utafiti unawataka waliokwisha kuwa pamoja, si wanaotarajia.

"Utafiti wako utangoya," akasema. "Mimi siko kijana wa kungoya."

Siku zote hizo nilikuwa nikiandika miaka ya watu, na ya mama yangu sikuwahi kuifikiria.

Ijumaa, baada ya swala, mzee akaja na ndugu zake, kanzu zimepigwa pasi. Nilikaa kwenye kiti cha marehemu baba, nikamuuliza anayoulizwa kila mchumba: afya yake, wataishi wapi, atamtunza vipi. Alinijibu kwa adabu, akiniita Papa, yaani baba, mtu ambaye angeweza kunizaa. Nilimpenda hapohapo, ingawa nilijitahidi kukunja uso.

Kisha nikatumwa ndani kuleta jibu. Kwetu msichana akinyamaza, kimya chake kinatosha, lakini mjane lazima atamke. Mama alikuwa ameketi kitandani na ushungi mpya, na ile sauti ya sokoni haikuwapo. Nikamuuliza kama amekubali.

"Nimekubali," akasema polepole. Akanishika mkono. "Na wewe, mwana wangu, umekubali?"

Mtafiti hakuwa amenifundisha muulizaji afanye nini akiulizwa. Nikasema nimekubali, tena kwa moyo wote. Nikarudi sebuleni machozi yakinitoka, na wageni wakadhani amekataa.