Kijiko Nilichokikataa

Nakumbuka Jumapili moja alasiri, mwanangu, nilipotoka nyumbani na jembe begani kwenda kutafuta pete. Usicheke kwanza. Jana ulikuja kunionyesha mashine yako mpya ya kutafuta vyuma vilivyofukiwa, pamoja na lile sepeto refu lenye meno pembeni, ukaniambia Jumamosi unakwenda navyo kwenye uwanja wa hapa Kawangware. Mashine ni nzuri, nimeipenda. Hilo sepeto ndilo lililoninyima usingizi.

Wakati huo mimi na Rispa wangu tulikuwa tukiishi Kibera, pale Soweto East, kabla ya kujengwa maghorofa yaliyopo sasa. Yeye alifulia watu nguo, mimi nilitafuta vyuma kuukuu vya kuuza, na ndiyo maana nilikuwa na mashine kama yako. Yangu ilikuwa ya mtumba, waya umefungwa kwa selotepu, lakini ikipita juu ya chuma ililia vizuri tu.

Rispa alikuwa akifulia kando ya kioski cha maji cha Mama Akoth, mama mmoja Mjaluo aliyejua kila mtu na shida zake. Hapo palikuwa na kiwanja kidogo kisicho cha mtu. Watoto walichezea mpira, nguo zilianikwa, na Jumapili asubuhi kanisa moja lilipanga viti vyake hapo. Basi siku moja sabuni ikamvua Rispa pete ya ndoa. Alipoinama kuitafuta, watu wenye mitungi walikuwa wameshakanyaga lile tope mara kumi. Alirudi nyumbani ameshika kidole kama mtu aliyejikata.

Ile pete nilimvisha mwenyewe mbele ya mchungaji. Nikamwambia, "Usilie, mimi si nina mashine?"

Sasa sikiliza ujinga wangu. Nilikuwa na mwiko mdogo wa fundi mle ndani ya nyumba, mkononi unaenea vizuri. Nikauangalia, nikauona ni chombo cha mzaha. Sisi tuliotoka Magharibi mwa Kenya, kijana akishika jembe anajiona mtu. Langu nilikuja nalo kutoka kwetu, mpini uliochongwa na baba, na tangu nifike Nairobi lilikuwa limekaa chini ya kitanda bila shamba la kulima. Nikasema leo ndiyo siku yake.

Kabla sijafika kiwanjani tayari nilikuwa nafuatwa. Mmoja anasema huyu anaiba mabomba, mwingine anasema kuna dhahabu. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahia kidogo kutazamwa. Mashine ikalia, nikachimba, nikatoa kizibo cha soda. Ikalia tena, nikatoa msumari. Kila shimo nililiacha wazi, nikasonga mbele.

Halafu karibu na kioski ikalia kwa sauti nyingine, fupi, safi, isiyokwaruza. Wewe mwenyewe utaijua ukiizoea. Nilirudia mara tatu, mahali ni palepale. Nikainua jembe la baba hadi juu, nikaliteremsha kwa nguvu zangu zote.

Maji yakaruka hadi usoni pangu. Mashine husikia chuma, mwanangu. Bomba la Mama Akoth lilikuwa la plastiki, limefukiwa kina cha kiganja tu, kama mabomba mengi ya Kibera hadi leo. Mwiko ungeligusa na mkono wangu ungelihisi. Jembe halihisi kitu.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakapiga kelele. Mama Akoth akatoka mbio.

"Wewe kijana! Hii ni shamba ya nyanya yako?"

"Mama, natafuta pete ya Rispa."

"Rispa wetu huyu wa kufua? Na si ungeniambia kwanza! Pete ni kitu kidogo hivi, unaikujia na jembe kubwa hivyo. Hata ukiipata si utakuwa umeikata?"

Tulifunga bomba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, mimi na yeye, tumelowa hadi magotini. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliingia ndani ya kioski, akatoka na kijiko kikubwa alichokuwa akipakulia maharagwe.

"Nyathina," akaniambia, ndivyo Wajaluo wanavyomwita mtoto wao, "jembe peleka nyumbani. Kesho asubuhi rudi na hii. Nitafunga maji, nikae hapa nikuangalizie watu wasikusumbue. Tutaipata tu."

Jamaa mmoja nyuma akasema, "Budaa, umeletewa kijiko, chakula iko wapi?" Watu wote wakaangua kicheko.

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, si kwenye bomba. Bomba lilifungwa likapona. Nilimrudishia Mama Akoth kijiko chake mbele ya watu, nikamwambia mimi si mtoto wa kuchezea mchanga. Nikaliweka jembe begani nikaenda zangu, matope yamenijaa.

Rispa alikuwa amekaa mlangoni akinisubiri. "Ililia?" akaniuliza.

Nikamwambia haikulia.

Nilijiambia nitarudi wiki ijayo, watu wakishasahau. Wiki ijayo ikawa mwezi. Kila nikipita pale nilizunguka kwa njia nyingine ili nisionane na Mama Akoth. Mara tukasikia Soweto inajengwa, nyumba zikapigwa alama, watu wakahamishwa. Siku niliyopata akili nilichukua kijiko chetu cha jikoni, nikakitia mfuko wa shati, nikaenda. Nikakuta ua wa mabati mapya na mlinzi mlangoni.

"Boss, hapa imefungwa," akasema. "Kwani umesahau nini?"

Nikakisukuma kijiko chini zaidi mfukoni. Ndani ya ua nilisikia matingatinga yakiunguruma. Mama Akoth alikuwa amehama, na hakuna aliyejua alikokwenda.

Sisi tukaja hapa Kawangware. Nilitaka kumnunulia Rispa pete nyingine akakataa, akasema yake iko, ila tu haijaonekana. Miaka yote hiyo alikuwa na tabia ya kupapasa kwa kidole gumba mahali pete ilipokuwa, akisubiri maji ya ugali yachemke au akisikiliza redio. Nami nilikuwa nikimwona. Alipolazwa mwaka juzi nilikwenda nimeazimia kumwambia ukweli. Nikafungua mdomo, nikamuuliza kama anataka chai. Tulimzika hajui kwamba mashine ililia. Namkosa sana, mwanangu, na jambo hili linafanya nimkose mara mbili.

Basi hilo sepeto liache nyumbani. Chukua mwiko mdogo wa fundi, usio na makali sana, unaoingia ndani ya mkoba, maana mtu akipita mitaani na chombo kirefu chenye meno, watu wa hapa hawatamuuliza anatafuta nini, watajijibu wenyewe. Wala sikuambii ujifiche. Mtafute kwanza anayeangalia ule uwanja, na mama wa kioski kama kipo, muulize bomba linapita wapi. Penye nyasi, kata kipande pande tatu tu, ukifunue kama kifuniko cha sufuria, udongo uweke juu ya kipande cha gunia, usiutawanye. Chimba kidogo, papasa kwa vidole. Ukimaliza rudisha kila kitu ukanyage, na vile vizibo na misumari uondoke navyo, kuna watoto wanaocheza pekupeku. Na mtu akikupa kijiko mbele ya watu, kipokee. Wacha wacheke. Kicheko chao kiliisha jioni ileile, mimi ndiye niliyebaki nacho.

Ule mwiko wangu bado ninao. Upo kwenye kopo pale dirishani, nimeufupisha mpini, uchukue uwe wako. Mungu aibariki mikono yako iwe myepesi, akupe watu wema kila unapopiga goti, na kilichopotea kikurudie kabla hujazeeka kama mimi.

Na siku ukipita Soweto East, nenda hadi kwenye jengo lile la pembeni, karibu na ngazi, pale palipokuwa kioski cha Mama Akoth. Usichimbe, pana zege. Washa tu mashine uipitishe chini. Najua mle ndani kuna nondo tupu, italia kila mahali. Hata hivyo, ukirudi nitakuuliza kama ililia, nawe uniambie ndiyo.