Siku yangu ya kwanza kwenye ambulance Bukavu: mgonjwa alikuwa hai, mtaa ukaanza kulia msiba

Wakuu, nawasalimu kutoka Bukavu. Leo jua limetoka mapema, sare yangu iko kwenye kamba, na mpaka ikauke nina muda wa kukiri jambo ambalo nimelificha kwa wiki tatu.

Yote ni ya kweli. Ningetaka kutunga, ningetunga kitu kinachonipendezesha.

Nianze na mimi mwenyewe. Ni binti wa miaka ishirini na mbili, nasomea kazi ya ambulance na huduma ya kwanza. Kabla ya kuingia shule nilijifundisha peke yangu, kwa video za kwenye simu na kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada. Dada yangu mkubwa alikuwa akilala mchana, anaamka anakuta mguu umefungwa kati ya rula mbili na mkono umening'inizwa kwa kitambaa cha jikoni.

Hata Kiswahili hiki cha kuandika nimekiokota humu humu, kwenye nyuzi zenu. Chetu cha mtaani mtakisikia watu wakianza kuongea.

Tatizo langu kubwa: naogopa kukosea.

Si woga wa kawaida, wakuu. Mimi nikiandika barua na herufi moja ikapinda, nachana karatasi. Kwa hiyo nilipoambiwa Jumatatu naanza stage, yaani mafunzo ya vitendo, nilijaza daftari zima. Kuinua machela tu kulikuwa na hatua kumi na saba. Nilizikariri kama sala.

Jumatatu ikafika.

Tulikuwa watatu kwenye gari: dereva, mimi, na msimamizi wangu, chef Déo, mtu wa makamo, mpole, anayetafuna tangawizi mbichi kutwa nzima. Simu ya kwanza ikaingia saa tatu asubuhi. Kuna mama ameteleza akichota maji, mguu umevunjika, mtaa wa Kadutu, juu.

Neno "juu" msilichukulie kirahisi. Bukavu ni milima. Ambulance inafika barabarani inakoma hapo. Kuanzia hapo ni ngazi za udongo, magunia ya mchanga, mifereji, na nyumba zimekaa moja juu ya kichwa cha nyingine. Mgonjwa anashushwa kwa mikono ya watu. Wabebaji unawapata kwa kupaza sauti tu, na watu wanakuja.

Tulimkuta maman Nsimire, mjane wa miaka sitini hivi, amekaa kwenye mkeka, kauma midomo. Mfupa wa chini ya goti ulikuwa umevunjika. Chef aliunyoosha taratibu, tukaufunga kwa mbao zake maalum. Kisha akagusa vidole vya mguu, akanivuta pembeni.

"Ma fille, damu inafika hapa kwa shida. Huu muguu ukicheza tena mu njia, tunaweza kuupoteza. Kazi yako leo ni moja tu. Ushikilie huu muguu, uangalie hivi vidole, mutu asiutikise."

Kazi moja. Mguu wa mtu.

Nilitaka kukimbia. Badala yake nikainama kwa maman Nsimire nikamwambia, kwa ile sauti ya video: "Maman, ufunge macho. Usitikisike. Usiseme hata neno moja mpaka tufike ku gari. Ukisema utatikisika, na ukitikisika muguu unaweza kukatwa."

Akafumba macho papo hapo. Nikaona nimefanya vizuri sana.

Manyunyu yalikuwa yanaanza, nikamfunika shuka nyeupe mpaka kidevuni. Miguu nikaiacha wazi, ili nione rangi ya vidole.

Wabebaji walikuwa waashi wanne waliotoka kwenye ujenzi wa jirani, saruji bado mikononi. Mkubwa wao, tonton Cikuru, alipoona nimeelekeza miguu mlangoni akasita.

"Stagiaire, tumugeuze. Mutu muzima anatokaka na kichwa. Maiti njo inatokaka na miguu."

Nikamjibu kwamba kwenye mteremko miguu hutangulia, kichwa kibaki juu. Ndivyo kitabu kinavyosema.

"Hicho kitabu kinaishi mu avenue gani?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nikasema: "Tonton, tafazali. Miguu mbele."

Chef alikuwa bado ndani, kaziba sikio moja kwa kidole, akijaribu kusikilizana na hospitali kwenye simu. Akanipungia mkono kwamba tutangulie, anakuja.

Tukaanza kushuka.

Hatua za kwanza zilikuwa tamu, wakuu. Machela imelala sawa kama maji kwenye beseni. Mkono wangu mmoja chini ya kisigino, mwingine kwenye vidole. Nikajisemea, binti, hii kazi umezaliwa nayo.

Mama mmoja aliyekuwa akimenya mihogo akaacha kisu, akaweka mikono kichwani. Wa pili akapiga goti. Nami, Mungu anisamehe, nikawaza: watu wa huku wana huruma jamani, yote haya kwa mguu tu.

Kilio kikatutangulia. Kilikuwa kinashuka mlima haraka kuliko sisi. Mji wetu umepitia mengi, habari mbaya watu huiamini kabla haijamaliza kusemwa.

Kwenye bomba la maji, jirani mmoja anayeitwa maman Bijoux akajitupa ukutani.

"Woyo! Maman Nsimire! Mutu wa roho muzuri! Nani atatupatanishaka sasa ku robinet?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Nikamtazama mgonjwa. Macho yamefungwa. Shuka nyeupe. Miguu mbele. Kimya kama jiwe. Chozi moja tu lilikuwa linamtiririka kwenda sikioni, na mimi pekee ndiye niliyeliona.

Kabla sijafungua mdomo, chini yetu akatokea mwanamke amejitwika beseni la nyanya. Ni Furaha, binti wa maman Nsimire, anarudi sokoni. Hakuna aliyekuwa amempata kwenye simu. Aliinua macho, na cha kwanza alichokiona ni nyayo za mama yake.

Beseni likaanguka.

"Mama! Amekufa saa ngapi? Mulinificha juu ya nini?"

Nyanya zikatawanyika kwenye ngazi zote, na udongo ulikuwa umeshalowa. Mwashi mmoja wa mbele akakanyaga moja, goti likagonga chini. Machela ikainama. Furaha naye akafika, akakamata mti wa machela kwa mikono miwili, anauvuta, anataka kumkumbatia mama yake.

Niliukumbatia ule mguu kama mtoto mchanga, kifua changu juu ya mbao, kiwiko matopeni.

"Dada, achilia! Iko muzima!"

Nani anisikie? Watu thelathini wanalia. Yeye anavuta, waashi wanavuta, na vidole mikononi mwangu vimeanza kuwa baridi. Daftari langu lilikuwa na hatua kumi na saba za kuinua machela. Za kumzuia mtoto anayemlilia mama yake, hakuna.

Ndipo ikanijia kwamba kati yetu wote, mtu mmoja tu ndiye ambaye mtaa huu ungemwamini. Na ni mimi niliyemfunga mdomo.

"Maman! Sema! Nakuomba, sema kitu!"

Jicho moja likafunguka.

"Sasa nitikisike ao nisitikisike? Ulisema watanikata muguu."

"Usitikisike! Sema tu!"

Basi akavuta pumzi, wakuu. Ile sauti sijui alikuwa ameificha wapi.

"Furaha! Achilia brancard! Nani alikuambia nimekufa? Nani anachunga sombe yangu ku moto?"

Sombe ni kisamvu, wakuu. Maiti anauliza mboga yake!

Furaha akaachia ule mti kama umemuunguza. Akakaa chini katikati ya nyanya, akawa analia na kucheka kwa wakati mmoja, hajui aanze na kipi. Waashi wakasimama vizuri. Machela ikanyooka. Nikashika vidole, nikahesabu pumzi zangu. Joto likaanza kurudi, polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

Lakini maman Nsimire hakuwa amemaliza. Aliyefunguliwa mdomo kwa kuombwa haufungi kirahisi.

"Bijoux! Ile ulisema pale ku robinet, niliisikia yote. Roho muzuri! Juzi si uliniitaka mama makelele?"

"Maman, nilikuwa nalia..."

"Usiifute. Niliipenda. Ukuje uirudilie ku hopitali."

Mtaa mzima ukapasuka kwa kicheko. Tonton Cikuru alicheka mpaka nikamwomba asimame kwanza, maana machela ilikuwa inatetemeka.

Chef Déo akatufikia hapo, anahema, tangawizi shavuni. Akatazama nyanya, akatazama wanawake wenye machozi wanaocheka, akanitazama mimi nilivyojaa matope. Wala hakuuliza.

"Miguu mbele ni sawa," akasema. "Huu mulima unaitaka. Lakini mugonjwa anashuka akipiga makelele. Mie nabaambiaka baimbe. Anayeimba, hakuna mutu atamulilia."

Halafu akamgeukia mgonjwa: "Maman, unaimbaka sauti gani mu kanisa?"

"Ya kwanza," maman Nsimire akajibu, kama vile ni tusi kumuuliza.

Akaimba. Wimbo wa shukrani wa Jumapili. Wale wale waliokuwa wakimlilia wakaingia na sauti ya pili na ya tatu, wakashuka nyuma yetu, mmoja ana kisu cha mihogo, mwingine ana ndoo. Furaha akawa mbele anaokota nyanya ngazini ili waashi wasiteleze, anaimba nyanya zikiwa zimejaa kwenye kitenge. Kila tulipopita mlango mpya, maman alikatiza wimbo akatangaza: "Niko! Ni muguu tu!" kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Nimewahi kuona misafara ya maharusi mjini hapa. Hakuna iliyoufikia ule.

Hospitalini daktari alibonyeza kucha ya kidole gumba, akaiachia, ikawa nyekundu mara moja. Akabonyeza tena, kwa ajili yangu nadhani, maana nilikuwa nimekodoa macho. Akasema damu inapita, mguu utabaki.

Nilitoka nje nikakaa kwenye bampa ya ambulance nikalia kwa kwikwi. Chef akaja na beignets mbili, maandazi ya huku, kwenye karatasi. Nikamwambia niko tayari kuandika barua ya kuacha stage.

Akatafuna kwanza. Akasema: "Mie, mu stage yangu, nilimushusha papa moja hivyo hivyo. Tulipofika chini, chorale ya kanisa ilikuwa imeisha kuvaa nguo za kilio." Akanipa beignet ya pili. "Kula. Kuna simu ingine."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki, na nakiandika kwa aibu ya mtu aliyekuwa akijiona anajua. Kitabu hakikukosea. Miguu mbele ilikuwa sahihi, na ningeirudia. Kosa langu ni kwamba nilimtunza mgonjwa nikasahau ana watu, na yule aliyenionya nikamwona hajasoma. Tonton Cikuru hakuwa anapinga elimu yangu. Alikuwa ananieleza mlima utasoma nini utakapotuona. Siku hizi kabla ya kuinua chochote nauliza mwenyeji mmoja: "Huku mutu muzima anatokaka namna gani?"

Majibu ninayoyapata, acha tu.

Jana nilipanda kumwona maman Nsimire. Kakaa mlangoni, mguu na plasta yake juu ya kigoda, anawapanga watu foleni bombani kwa sauti bila hata kuinuka. Maman Bijoux ndiye anayemchotea maji.

Sasa zamu yenu. Kwenu mgonjwa hutolewa nyumbani vipi, na ni ishara gani ukiifanya bila kujua watu wataanza kulia? Wauguzi, madereva, mafundi, hata aliyewahi kubebwa mwenyewe, shusheni comment, nasoma zote. Na mkicheka nilivyolala matopeni na mguu wa mtu kifuani, chekeni tu. Mimi mwenyewe nimeanza kucheka juzi, na ni raha.