Ndege Iliyokula Kabla ya Kununuliwa

Bado naikumbuka siku ile baba yako alipoingia kwangu, hapa hapa Muhumba, na picha ya ndege mkononi. Wewe, mwanangu, jana ulinionyesha yako kwenye simu. Yeye aliikata gazetini. Lakini ndege ni za namna moja: ndogo, nyembamba, zenye magurudumu yanayokunjwa na kuingia tumboni zikishapaa. Nilipokurudishia simu bila kuisifu, ulidhani shangazi yako hajaelewa. Nilielewa mno.

Baba yako Salumu alikuwa rubani kijana, na mimi nilikuwa nikipeleka sabuni na chumvi Shabunda, porini kusikofika gari. Nililipia mizigo kwenye ndege za watu mpaka nikachoka, tukaamua kununua yetu. Aliitaka hiyo kwa sababu ina mbio na, tuseme ukweli, kwa sababu ni nzuri. Kijana akipenda kitu kizuri, masikio yake huenda likizo.

Wakala wa bima hakutuficha. Ndege ya namna hiyo inalipiwa zaidi, kwa kuwa magurudumu huweza kugoma kutoka, au rubani akayasahau, ikatua kwa tumbo. Rubani asiyeizoea hulipishwa zaidi tena. Na viwanja vya tope vya Shabunda? Hapo akajikuna kichwa. Salumu alinung'unika njia nzima.

"Eti mimi nitasahau magurudumu! Ananiona mutoto?"

Akiba ya familia ilikuwa kwa Shangazi Zaituni, dada wa baba yetu, aliyeongoza likelemba ya wanawake wa Nguba, ule mchezo wa kuchangiana kila mwezi. Tulipomwomba, hakukataa. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatumiminia chai.

"Pesa ya kununua iko," alisema. "Ya kukaa nayo je? Muanze kuilipia sasa, sawa vile iko tayari Kavumu, ku uwanja ya ndege. Kila mwezi muniletee ya asiransi, ile bima yenu, ya fundi, na ya mahali inalala. Mvua ikiisha na muko munalipa bado, nitawapa akiba yote."

Tulitoka tukicheka. Kulipia ndege ambayo haipo!

Mwezi wa kwanza tulilipa tukiimba. Wa pili nikapunguza mizigo. Kisha mvua zikafunga viwanja vya Shabunda, sabuni yangu ikalala ghalani, na ndege yetu ya mawazoni ikaendelea kudai haki yake. Bima haiulizi kama umeruka. Wala fundi haulizi, na magurudumu yale yana kazi: lazima ndege nzima iinuliwe kwa jeki, yakunjwe na kukunjuliwa hapohapo chini, vipuri vyake vitoke mbali.

Mwezi uliofuata mimi sikuwa na kitu. Salumu akaja na bahasha, akaiweka mbele ya shangazi bila kumtazama usoni.

"Papa Salumu," shangazi alimwita kwa upole, kwa heshima tunayompa hata kijana, "hii haiko pesa ya mahari ya Neema?"

Salumu akainamisha kichwa. Shangazi akaichukua bahasha, akamrudishia mfukoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Ndege haiyafika hata Kavumu, na iko inakula bibi unataka kuoa."

Salumu alilia. Mimi niliona aibu mpaka nikashindwa kumaliza chai.

Baadaye, kwa akiba ile pamoja na pesa zote tulizokuwa tumemletea shangazi, tulinunua ndege ya magurudumu yasiyokunjwa. Haikuwa na mbio wala sura, lakini bima yake tuliimudu hata mvua iliponyesha, na ndiyo iliyokusomesha. Ile bahasha ilikwenda kwa kina Neema, mama yako.

Basi, mwanangu, sikukatazi. Pengine wewe kazi yako ni nyingi na unatua kwenye lami. Ila usiipime ndege kwa bei ya dukani tu. Ipime kwa mwezi ambao haikuruka. Uliza bima inataka nini kwa magurudumu hayo na kwa uzoefu wako, inakubali viwanja gani, na fundi wake anatoka wapi. Halafu anza kuilipia sasa, kabla haijaja, pesa uniletee mimi. Mvua zikiisha na mke wako bado anacheka nawe, nitakuongezea yangu.

Mungu akupaishe salama, akutue kwa magurudumu yako, na kila ukirudi nyumbani umkute yupo wa kukufungulia mlango. Amina.