Viti vya Msibani kwa Mama Akello

Harufu ya kiti cha plastiki kilichoachwa juani hunirudisha mtaa wa Mbuya, kwenye vyumba vya kupanga nilikokulia. Akina baba wengi walikuwa askari kutoka kaskazini mwa nchi, na lugha ya uani ilikuwa Kiswahili, kile chetu cha kuokoteza. Watu wa pwani wangetucheka hadi machozi yawatoke.

Rafiki yangu alikuwa Akello, wa chumba cha pili kutoka kwetu. Baba yake alipofariki walimzika kwao Kitgum, huko kaskazini, kisha mama yake akarudi kupokea waombolezaji. Pale kwetu msiba ukiingia nyumba moja, nyumba nyingine zilibaki tupu. Viti, masufuria, vikombe, vyote vilihamia kwa mfiwa. Mama alibeba hata godoro letu, nasi watoto tukalala chini tukiona raha tupu.

Wiki hiyohiyo akaja kijana wa shirika fulani kupima umaskini wa mtaa. Watoto wa nyumba ambazo zingeonekana hoi zaidi wangelipiwa karo. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba Akello angepata, maana mshahara wa baba yake ndio uliokuwa ukimsomesha. Kijana alikuwa mpole. Alitoa pole, akamweleza Mama Akello mlangoni kilichomleta, kisha akazungusha macho chumbani.

“Mama, hii viti yote iko ya hapa?”

Mama Akello aliwatazama waliokuwa wamevikalia.

“Iko ya hapa, ssebo,” akamjibu kwa adabu. “Wewe kaa, kunywa chai.”

Akakaa, akanywa, akaandika. Kwetu alinikuta mimi na sakafu. Mama alikuwa kwa mfiwa akisonga posho, yaani ugali. Kijana akauliza tunalala wapi, nikamwonyesha mkeka kwa fahari kubwa, akatikisa kichwa kwa huruma.

Basi nikapata karo mimi, Akello akakosa. Mama alifoka, akafunga safari hadi ofisi yao Wandegeya, akarudi mdogo kama aliyenyeshewa.

“Wanasema ile macho iliona ndiyo wanaandika,” alimwambia Mama Akello. “Lakini na wewe, kwa nini hukusema?”

“Niseme nini, nyabo? Watu wamekaa. Niseme simama, hiyo ni ya jirani?”

Muhula ulipoanza, Akello alipelekwa Kitgum kwa bibi yake, ambako shule ilikuwa mbali, jembe karibu. Nililia sana. Sikuwahi kupata rafiki mwingine wa namna ile, na bado inaniuma.

Kwa miaka mingi nilimwona yule kijana mjinga. Siku hizi simlaumu sana. Macho yake hayakumdanganya, viti vilikuwepo. Waliomtuma walitoka mahali ambako kitu kilicho ndani ya nyumba ni cha mwenye nyumba, na haikuwapitia akilini kwamba kwetu chumba kinaweza kujaa kwa sababu mwenyewe amefiwa na aliyemlisha.

Kuhusu Mama Akello, nilidhani alijibu vile kwa kutoelewa kilichokuwa kikipimwa. Nimekuwa mama ndipo nikamjua. Alielewa tangu pale mlangoni. Neno moja tu lingembakiza mwanawe shuleni, akashindwa kulisema mbele ya watu waliokuja kumlilia mumewe.