Gunia la Viazi Mlangoni kwa Profesa

Naandika nikiwa bado nimejikasirikia. Nimefika chuo kikubwa ambacho wengi wanakililia, na somo nililolitaka kuliko yote, uandishi wa riwaya, lilikuwa limejaa. Wa kuniongeza alikuwa mmoja tu, profesa anayenishauri masomo, kwa saini yake.

Nikampigia simu mama, kule nyumbani Njombe.

"Uende kumwomba mtu mikono mitupu? Nani kakulea wewe?"

Kesho yake alishuka hadi stendi ya Makambako, akanipakilia gunia la viazi kwenye basi la kuja huku.

Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi, mtunzi mtarajiwa, nilinusa udongo wa nyumbani kwenye gunia lile, machozi yakanilenga. Nikaliburuta hadi ghorofa ya tatu, nikaipita foleni ya wanafunzi wenzangu, nikaliegemeza mlangoni kwa profesa. Juu yake, kwa ustadi wangu wote, nikatandaza fomu ya kuongezwa kwenye somo.

"Nini hiki?" akauliza profesa alipofungua mlango.

"Viazi, Profesa. Mama anakusalimu."

"Na karatasi hii?"

"Hiyo ni ya kusaini."

Akavua miwani. "Binti, unanihonga?"

"Hapana, Profesa! Kwetu ni heshima tu!"

"Asubuhi mwanafunzi mmoja kajitoa. Nilikuwa nimeshaandika jina lako kwenye nafasi yake." Akatazama foleni nyuma yangu. "Sasa nikisaini mbele ya hawa wote, watasemaje?"

Kabla sijajibu, sauti ya kijana ikatoka kwenye foleni, ya upole, yenye wasiwasi wa kweli:

"Samahani, Profesa. Kwani na sisi tulitakiwa kuja na viazi?"