Sharti la Fundi Salimou

Fundi Salimou alizaliwa Mutsamudu, kisiwani Nzuani katika Komoro, mwaka 1921, katika nyumba ya mawe ya mama yake, Kalathoumi, aliyewafundisha wasichana wa mtaa kusoma Kurani. Alihitimu msahafu angali mdogo, akapelekwa Moroni kusoma fikihi, akarudi akiitwa fundi, kama wanavyoitwa walimu wa dini visiwani. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu waliisogelea ili waisikie. Katika ujana wake walimtafuta zaidi kwa halbadiri, kile kisomo cha kumwombea mdhalimu adhabu kwa majina ya waliopigana Badri. Aliyeibiwa alimwita, ubani ukafukizwa, watu wakaitikia amina, na mara nyingi mwizi alijitokeza mwenyewe kwa hofu.

Mwaka 1952 alikosea. Tajiri mmoja wa Ouani alipotelewa na ng'ombe, naye fundi akasoma. Muda si mrefu Zainaba, jirani wa tajiri yule, akapooza mkono, na mji mzima ukasema kisomo kimempata. Watu waliacha kupokea hata chakula chake. Mvua zilipokwisha, ng'ombe alionekana amefia bondeni, hakuguswa na mtu. Ikajulikana pia kwamba tajiri alikuwa amempora Zainaba shamba. Fundi Salimou alikwenda mchana, watu wakiona, akaketi chini mlangoni pake kumwomba radhi. Zainaba akamwambia, "Ulimwuliza mimi nimemwibia nini. Hukumwuliza yeye amenifanyia nini."

Maneno hayo ndiyo yaliyomgeuza. Tangu hapo hakusoma ila kwa sharti: mwenye kuomba aketi katikati ya mkeka, ataje mbele ya watu alichomtendea yule anayemshtaki. Akisema uongo, kisomo kitamrudia yeye na kila aliyemwitikia amina. Wakubwa kadhaa walikasirika, wakadai anachanganya dini na tabia za watu. Yeye alijibu taratibu kwamba hajui pa kuzitenganisha.

Mamluki wa kizungu walipoingia mwaka 1978 na kuushika ulinzi wa nchi, alikuwa amehamia Moroni kufundisha. Mmoja wa maofisa wao alitamka shahada, akapewa jina la Kiislamu, akawa anaswali safu ya mbele. Wanawake wa sokoni walisema huyu amejifunza kuvua viatu, bado kuvua bastola. Fundi hakucheka nao. Alisema moyo wa mtu una mwenyewe. Mwaka 1984 muuguzi mmoja wa Ntsoudjini, Toihir, alisema harusini kwamba nchi yetu imepangishwa, na wapangaji hawalipi kodi. Watu walicheka, naye akakamatwa. Alipigwa kambini hata akavunjwa mbavu, kisha akatoroka. Ofisa yule alimsaka nyumba kwa nyumba asimpate, mpaka mtu akamnong'oneza kwamba hapa halbadiri inaogopwa kuliko bunduki. Akamwendea fundi, akataka asome baada ya swala ya Ijumaa dhidi ya yeyote aliyemficha mtoro. Fundi alimwambia atasoma, kwa sharti lake. Ofisa alikubali bila kuuliza ni sharti gani.

Aliyemficha alikuwa Hadidja, shangazi yake Toihir. Alimjia fundi kwa mlango wa uani. "Fundi, bunduki nimezizoea. Lakini ukisoma wewe, nitamtoa. Nina wajukuu mle ndani."

"Njoo usikilize kwanza, bweni," fundi akamwambia, kama wanawake wanavyoitwa kwa heshima visiwani. "Ukishasikia, amua."

Ijumaa msikiti ulijaa, na wanawake walisimama nje ya ukuta. Fundi alimkalisha ofisa katikati ya mkeka, akamwuliza alichomtendea Toihir. Ofisa alitabasamu, akajibu kwamba hakuna aliyemgusa. Fundi hakubishana naye. Aliwageukia walinzi wa ofisa walioketi nyuma, vijana wa kisiwa hichohicho.

"Ninyi ndio mtakaoitikia amina," alisema. "Mnajua itakwenda wapi kama bwana huyu amesema uongo."

Mbaé, mlinzi kutoka Ikoni, akaokota kofia yake na kutoka mkekani. "Mkuu, mimi nilimshika miguu mlipokuwa mkimpiga," alisema. "Amina hii siiwezi."

Wenzake walimfuata. Ofisa aliamuru waitikie, na msikiti mzima haukufungua kinywa. Huko nje Hadidja alijifunika uso kwa leso, akarudi nyumbani, akawapikia watu wote wa nyumba, pamoja na yule asiyetajwa.

Jioni ile fundi na Mbaé walitiwa ndani. Fundi alipigwa, akarudishwa Mutsamudu, akakatazwa kufundisha. Hakumlaani ofisa. Alipoombwa amsomee halbadiri, alisema kwamba hapo yeye fundi mwenyewe atalazimika kukaa mkekani. Alifariki mwaka 1988, mamluki wakiwa bado nchini, akaoshwa na Mbaé, aliyekuwa ameachiwa huru. Inasimuliwa kwamba asubuhi ya maziko mkono wa Zainaba ulinyooka. Wengine husema ulikuwa umeanza kupona zamani. Lililo hakika ni kwamba alikuja kutoka Ouani kuhani msiba, na akapokea kikombe cha kahawa kwa mkono huo. Mamluki walipoondoka, Toihir alitoka hadharani, na safari yake ya kwanza ilikuwa kaburini pa fundi.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujalie kuuliza kama alivyouliza yeye. Wanafunzi wake wa Mutsamudu bado wanatandika mkeka kwa kila anayekuja kumshtaki mwenzake. Wengi huutazama, huvaa viatu vyao, huondoka. Wengine huonekana baadaye mlangoni pa mtu waliyekuja kumshtaki, wameketi chini.