Mtanzania Aenda Kakuma Kufundisha Kiingereza

Niliondoka Kasulu kwa sababu nilichoka kukataliwa. Shule niliyokuwa nikifundisha ilifungwa, na kila tangazo la kufundisha Kiingereza nje, liwe la Uarabuni au la Asia, lilitaka mtu aliyezaliwa nacho. Mimi nilizaliwa na Kiha. Kiingereza nilikifuata ukubwani. Ndipo kituo kimoja cha kufundisha watu wazima katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kikaniambia: njoo ufundishe somo moja mbele yetu, kisha tutaamua. Nikishindwa, kaka alikwisha kunitafutia kibanda cha kuuza vitenge, nami sina mkono wa biashara hata kidogo.

Kutoka Kitale basi liliteremka milima, na joto likapanda. Kupita Lokichar ni miiba, ngamia na vumbi tu. Lodwar tuliingia jioni, nikapokewa na Mama Ekiru, anayekodisha vyumba nyuma ya hoteli yake.

"Ejok!" akanisalimu kwa Kiturkana. "Umetoka wapi, madam?"

"Shikamoo, mama. Natoka Tanzania. Nakwenda Kakuma kufundisha Kiingereza."

Alicheka mpaka akaweka birika chini. "Mtanzania na Kizungu? Si ungekuja kufundisha sisi Kiswahili, hii yetu imevunjika!"

Nilicheka naye. Lakini niliogopa kwamba anasema kweli.

Asubuhi, teksi ya Probox ilinishusha Kakuma. Darasa lilikuwa la mabati, limejaa Wakongo, Warundi, Wasomali na akina mama wa Kiturkana. Madam Esther, mkuu wa kituo, aliketi nyuma amekunja mikono. Somo langu lilikuwa mgonjwa mbele ya daktari. Kichwa, tumbo, homa, yote yalikwenda vizuri. Nilipofika kwenye kikohozi, neno lake la Kiingereza likanitoka kichwani kabisa. Nikashika kifua, nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu.

Darasa zima likalitaja neno kwa sauti moja! Papa Bahati, fundi cherehani kutoka Kongo, akasimama, akashika kiuno na kuugua, wenzake wakautaja ugonjwa wake.

"Sasa wewe, mama!" akamwambia Msomali mmoja mkimya. "Tuonyeshe yako, tutasikia muzuri."

Naye akapita mbele akichechemea, darasa likipiga kelele za Kiingereza. Mimi nilikuwa nimesahauliwa pembeni.

Baadaye Madam Esther akaniita nje. "Mwalimu, hiyo njia ya kunyamaza ndio waongee wenyewe, ulisomea wapi?"

"Sikuisomea, madam. Neno lilinipotea."

Akanitazama, kisha akacheka. "Basi Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, kuja upoteze lingine."

Nilirudi Kasulu kufunga mizigo tu. Njia nzima nililala usingizi mzito, wa mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Miaka yote nilidhani mwalimu wa lugha ni yule asiyekwama. Kumbe wanafunzi wale hukwama kila siku, dukani na hospitalini, na hawakuwa wamewahi kumwona mtu akikwama kwa Kiingereza, kisha akaajiriwa.